Shangazi, kila nikisema nilivyokisoma kitabu naambiwa sikuelewa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mwanza, nauza kwenye duka la dawa. Jambo langu mume wangu analiona la kitoto, lakini mimi linaninyima raha, ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Tuna kikundi cha kusoma vitabu, tupo tisa. Tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni, barazani kwa Mama mmoja huku Pasiansi. Mwenye nyumba anatoa chai, sisi tunapokezana kuleta vitafunwa, na kitabu cha kusoma kinachaguliwa kwa zamu. Nakala ni chache, tunaazimana, kwa hiyo kuna wanaokipata kitabu zikiwa zimebaki siku tano tu.

Anayeongoza mjadala ni Mwalimu, mzee anayekaribia miaka sabini, amefundisha Kiswahili sekondari mpaka akastaafu. Namheshimu sana na amenifundisha mengi. Ila tukishakaa tu, yeye ndiye anaanza: muundo, mtindo, matumizi ya lugha, tamathali za semi, wahusika, mandhari, halafu dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi, na anamalizia na kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Dakika arobaini zimekwisha. Akimaliza tunabaki kuangaliana, maana utasema nini tena? Zamu ikinifikia nasema, "Kitabu kizuri, kina mafunzo mengi," basi. Na wenzangu ni hivyo hivyo.

Mwezi uliopita tulisoma Rosa Mistika ya Kezilahabi. Kwa asiyeijua, ni habari za Rosa, binti wa Namagondo kisiwani Ukerewe, na baba yake Zakaria, mtu mlevi na mkali, anayemchunga bintiye kwa kipigo asisogeleane na wavulana. Rosa akienda shule ya bweni, mbali na macho ya baba, mambo yanageuka. Shangazi, kitabu kile kilinishika. Nilikisoma dukani katikati ya wateja. Nikasema safari hii siendi kusema "kina mafunzo mengi", nitasema lililo moyoni.

Nikasema nilimhurumia Zakaria. Nikaeleza kwamba baba yangu alikuwa mkali vile vile, na sasa nina binti wa miaka 13 na najikuta napekua mkoba wake akiwa amelala. Kaka mmoja anayefanya kazi benki akacheka, akasema, "Dada, wewe hukuelewa kitabu. Zakaria ndiye tatizo lenyewe." Wengine nao wakacheka. Mwalimu akasema kwa upole tusichanganye maisha yetu binafsi na kazi ya fasihi. Mama mwenye nyumba, ambaye ni Mkerewe wa huko huko, aliguna tu, akainuka kwenda kuleta chai. Sikusema tena mpaka tulipoagana. Na huyo kaka ndiye aliyekuwa amenimwagia mwisho wa kitabu kwenye daladala, wakati mimi nilikuwa sijafika hata nusu.

Sasa balaa lenyewe. Mwezi huu tunasoma riwaya ya dada mmoja wa hapo hapo kikundini. Ameandika mwenyewe, amechapisha kwa hela yake, anaiuza shilingi 10,000. Ni rafiki yangu wa karibu, yeye ndiye aliyenipeleka kwenye kikundi. Na mimi ndiye niliyepangiwa kufungua mjadala! Nimefika ukurasa wa 120, bado tisini. Shangazi, kinanichosha. Wahusika wote wanaongea sauti moja. Bibi wa kijijini anaongea kama anasoma taarifa ya habari. Kuna mke anamfumania mumewe, badala ya kufanya chochote anatoa hotuba kurasa mbili nzima. Makosa ya uchapaji ni mengi. Kuna sehemu moja tu niliyoirudia mara mbili, pale binti anapouza dagaa Mwaloni alfajiri na kuhesabu chenji kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Nikisifu nitakuwa mnafiki. Nikisema kweli nitampoteza rafiki, na kaka wa benki atapata la kuchekea. Nimefikiria nijifanye naumwa siku hiyo. Nifanyeje?

Msomaji wa kiti cha nyuma, Mwanza

*

Marahaba mwanangu,

Kuumwa kufute. Unauza dawa, watakuuliza umemeza nini.

Nianze na hapo barazani kabla ya kitabu cha rafiki yako, kwa sababu hofu yako ya Jumamosi inatoka huko. Mnachofanya kila mwezi ni kujibu mtihani. Hiyo orodha ya Mwalimu naijua, na wewe unaijua, na kila aliyepita kidato cha nne nchini anaijua: fani huku, maudhui kule, hoja kadhaa zenye mifano, kisha mwandishi anapewa alama zake, hapa amefaulu, pale hakufaulu. Ni chombo kizuri kwa kazi yake. Kinamfanya mtoto wa miaka kumi na saba asome kwa makini kitabu ambacho pengine asingekigusa. Lakini kina swali moja ambalo hakiulizi, kwa kuwa mtahini hana namna ya kulipa maksi: wewe ilikuwaje ulipokuwa unakisoma? Ndiyo maana watu wazima tisa, wenye kazi zao na maisha yao, wakikalishwa mbele ya riwaya wanaishia kusema "kina mafunzo mengi". Hawajawahi kuulizwa kingine.

Wasikilize watu hao hao wakitoka kuangalia Simba na Yanga. Hakuna anayeanza na muundo wa mechi. Mtu anakwambia dakika ya sabini yule beki alipanda akaacha uwazi nyuma yake, mimi nikajua tumekwisha, nikamshika jirani mkono. Ametaja dakika, ametaja tukio, amesema lilimfanya nini. Mwenzake anabisha, anataja dakika nyingine, na wote wawili wameonyesha walikuwa macho.

Kwenye kitabu dakika ni ukurasa. Usiende kikundini na maoni, nenda na ukurasa. Weka kipande cha karatasi pale ulipofunga kitabu ukaangalia ukuta, au ulipocheka peke yako, au ulipotaka kukitupa. Zamu yako ikifika, fungua hapo, soma mistari minne au mitano kwa sauti, kisha sema kilichokupata. Sauti ni muhimu. Watu wakishasikia maneno ya mwandishi yenyewe, mjadala unakuwa juu ya kitu kilichopo mezani na hautakuwa tena juu ya wewe kuwa na akili au kutokuwa nayo.

Sasa tuangalie ulichosema kuhusu Zakaria. Ulikuwa na neno zito, ila ulilianzia kwa baba yako na ukaliacha kwa baba yako. Kwa hilo Mwalimu ana nusu ya haki. Maisha yako ndiyo yaliyokufanya uone jambo ambalo kaka wa benki hakuliona, na mtu asikwambie uyaache nyumbani. Lakini kikundi hakiwezi kumjadili baba yako, hawamjui, na hata wangemjua ni aibu. Ungesema hivi: "Fungueni pale Rosa anapopigwa kwa sababu ya barua ya mvulana. Mimi hapa nilitarajia kumchukia huyu baba, na nikamchukia. Ila nilipoendelea nikaona mtu ambaye hana silaha nyingine. Hajui kuzungumza na bintiye, anajua kupiga. Nikajiuliza, angejuaje?" Hapo baba yako yumo ndani, na hukumtaja. Anayetaka kukubishia itabidi naye afungue ukurasa.

Na akikwambia tena hukuelewa, usijitetee. Mwulize, "Wewe umeliona wapi, nionyeshe." Uliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unavyomuuliza mteja dozi aliyoandikiwa. Mara nyingi mtu anayesema "hukuelewa" anamaanisha hukubaliani naye. Akionyesha sehemu yenye nguvu, mshukuru, umepata faida. Asipokuwa nayo, wote wameona.

Ajabu ni kwamba kitabu mlichokuwa mnakijadili ndicho cha mwisho ambacho mtu angeweza kusema kina jibu moja. Kilitoka mwaka 1971, na wakati fulani kikapigwa marufuku mashuleni. Waliokizuia walikuwa wasomaji kama wewe, walisoma kurasa zile zile za binti na wanaume wanaomzunguka, wakaona zitaharibu watoto. Wengine wakasoma kurasa hizo hizo wakaona ni onyo kwa wazazi. Kuna waliomlaumu baba, kuna waliomlaumu Rosa mwenyewe, kuna waliowalaumu wanaume wakubwa wenye vyeo vyao waliojua wanachofanya. Kezilahabi alizaliwa Namagondo hiyo hiyo mwaka 1944, amefariki 2020, na ugomvi huo kauacha wazi. Kwa hiyo huyo kijana aliyeufunga kwa kicheko cha sekunde mbili ana kipaji ambacho benki yake haijakigundua.

Tena kuna mtu mmoja kwenye barua yako ambaye mimi ningetoa nauli kumsikia. Mama mwenye nyumba. Mkerewe, mtu mzima, amesoma riwaya inayotokea kwao, anaguna, halafu anaachwa aende kuchemsha chai! Watu wanane mmekaa barazani kwake na hakuna aliyemuuliza lile guno lilikuwa la nini. Pengine alitaka kusema kwamba mwandishi amezidisha. Pengine alimjua Zakaria wake. Mkikutana tena, kabla ya kuanza kitabu kipya, mwambie, "Mama, mwezi uliopita uliguna. Ulitaka kusema nini?" Ila msimgeuze wakili wa kisiwa kizima, mkaanza kumuuliza kama Wakerewe wote wako hivyo. Mwulizeni yeye alikisomaje.

Nije kwa Mwalimu. Humwondoi mzee kwa kumkatiza, na wala huna sababu ya kumwondoa. Mhamishe mahali. Kwetu mzee hafungui mazungumzo, anayafunga. Mpigie simu kabla ya Jumamosi, msalimie vizuri, umwambie: "Mwalimu, safari hii nimepewa kufungua, na nina ombi. Ukishazungumza wewe, sisi tunakuwa hatuna la kuongeza. Naomba utusikilize kwanza wote, halafu wewe utufungie, utuambie wapi tumeona na wapi tumepita bila kuona." Sidhani kama kuna mwalimu mstaafu atakayekataa. Umempa heshima iliyo kubwa zaidi, na umepata dakika arobaini. Tisa nyinyi: mwandishi na Mwalimu mkiwaweka kando kwa mwanzo wa kikao, wanabaki saba, kila mmoja akipata dakika tano mmetumia thelathini na tano, na bado Mwalimu ana nafasi yake ya mwisho.

Ukitaka kutofautiana naye mbele ya watu, tofautiana. "Kwa heshima yako Mwalimu, mimi pale nilipaona tofauti," kisha ukurasa. Yeye mwenyewe kwa miaka yote hiyo darasani lazima aliufundisha ule mgogoro wa ushairi, tangu Kichomi, diwani ya huyo huyo Kezilahabi, ilipotoka mwaka 1974 na mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Wanamapokeo wakasema haya si mashairi, wanamabadiliko wakasema ni mashairi, wakajibizana kwa miaka, na wanafunzi wa Mwalimu wakawa wanaulizwa kwenye mitihani kila upande ulisema nini. Na kabla ya hapo, wasomaji wa gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, walikuwa wakitungiana mashairi ya kujibizana humo humo gazetini, mtu wa mji huu anamjibu wa mji ule. Kubishana juu ya maandishi tumekuta kwa wazee. Kukaa kimya barazani ndiko kugeni.

Haya, rafiki yako.

La kwanza, kimalize kitabu. Mwanakikundi wa kawaida anaruhusiwa kuja akasema "sikumaliza, niliishia ukurasa fulani kwa sababu fulani", hayo nayo ni maoni, na kwa mwandishi ni maoni ya thamani sana kuliko sifa, kwa sababu anajua msomaji alimponyoka wapi. Lakini anayefungua mjadala hana ruhusa hiyo. Kurasa tisini ni jioni tatu. Na huwezi kujua, huyo mke wa hotuba huenda mbele akafanya jambo.

La pili, nenda kwake kabla ya Jumamosi. Usimpigie, nenda. Asisikie kwa mara ya kwanza mbele ya watu wanane wenye vikombe mkononi. Huendi kumpa hukumu wala kuomba ruhusa. Unakwenda kumwambia mambo mawili: kwamba utazungumza sehemu iliyokukamata na sehemu zilizokupoteza, na kwamba unamwomba asijibu lolote mpaka wote wamalize. Hili la kutojibu litamwuma kuliko lile la kwanza. Mwandishi akikaa kwenye mjadala wa kitabu chake ulimi unamwasha, kila neno anataka kusema "hapana, pale nilimaanisha hivi". Mweleze kwamba msomaji wa Bukoba au Mtwara atakayenunua nakala yake hatakuwa na mtu pembeni wa kumweleza alichomaanisha. Kilichomo ndani ya jalada ndicho atakachokipata. Jumamosi hiyo ni nafasi yake ya kuwasikia wasomaji wakiwa peke yao na kitabu, na waandishi wanaojichapishia kwetu wanaikosa kabisa nafasi hiyo: wanauza mkononi kwa ndugu, marafiki na wenzao wa kazini, wanajua nakala ngapi zimeondoka na nani bado anadaiwa, lakini hawajui kitabu kilimfanya nini hata mtu mmoja.

Siku hiyo hiyo mpelekee makosa ya uchapaji kwenye karatasi: ukurasa, mstari, lilivyoandikwa, linavyotakiwa kuwa. Hayo mpe mkononi na yaishie hapo. Si mambo ya kikao. Kuna watu wakipata herufi iliyorukwa wanaisoma mbele ya hadhara kwa furaha kama wameokota noti, na mjadala mzima unageuka kuwa wa usahihishaji, kwa sababu kosa la herufi ni rahisi kulisema kuliko kusema kwa nini sura ya tatu haikukugusa. Karatasi yako itamsaidia akichapisha tena. Ukiipeleka barazani, utakuwa umemvua nguo.

La tatu ni Jumamosi yenyewe. Anza na dagaa. Usianze na "kwa ujumla", wala usiseme amejitahidi. Hilo tunawaambia walioshindwa, na yeye anajua. Fungua ukurasa wa Mwaloni, usome wote. Kisha sema kwa nini uliurudia. Wewe ni muuzaji, unajua kuhesabu chenji mteja akiwa amekukazia macho, na ukaona mwandishi analijua jambo hilo kwa ndani, vidole vile vya ganzi hakuvitoa hewani. Sema, "Hapa nilisahau kwamba mwandishi ni rafiki yangu." Hiyo ni sifa kubwa, na ina ukurasa. Sifa isiyo na ukurasa mwandishi hana pa kuishika. Za namna hiyo anazo tele: kitabu kizuri, hongera sana, endelea hivyo hivyo. Aendelee na lipi?

Ukishamaliza hapo, nenda kwa bibi. Usitangaze kwamba wahusika wake wanaongea sauti moja. Wafanyishe wenzako jaribio. Chagua nusu ukurasa wenye majibizano, mwachie mtu asome bila kutaja majina, halafu uliza: nani anaongea? Wakishindwa kumtambua bibi na mjukuu, jambo limeonekana, na si wewe uliyemhukumu. Wakimtambua, basi pengine sikio lako ndilo lilichoka siku hiyo, nalo ni vizuri ulijue. Kwenye hotuba ya yule mke, sema ulichokitaka wewe ulipokuwa unasoma: ulitaka kuona mikono yake inafanya nini, anasimama wapi, mumewe anaangalia wapi, ukapata maneno ya kurasa mbili. Ishia hapo. Usiingie kwenye "mimi ningeandika hivi", kwa sababu hicho kitakuwa kitabu chako, na hukukiandika. Kazi ya kutafuta dawa mwachie mwenye kitabu. Wewe umeonyesha panapouma.

Je, atanuna? Huenda. Sitakudanganya kwamba ukisema vizuri hakuna atakayeumia. Mtu aliyetoa akiba yake kiwandani, akabeba maboksi, akaweka picha yake nyuma ya jalada, anasikia kila neno mara mbili. Kama ni rafiki wa kweli atapita wiki mbili tatu akikujibu kwa mkato, kisha atakuja dukani kununua panadoli asiyoihitaji. Na kama akikata urafiki kwa sababu ya bibi anayesoma taarifa ya habari, utalia, lakini angalia upande wa pili: ukimsifu uongo na yeye akaja kujua, na watu hujua, hata neno lako la kweli kuhusu dagaa halitakuwa na bei tena. Mimi katika hayo mawili nachagua anune.

Huyo kaka wa benki nisimpe nafasi kubwa. Wekeni kanuni moja: siku ya kikao kila kitu ni halali, mwisho nao unajadiliwa, na asiyemaliza aje akijua hivyo. Kabla ya siku hiyo, si kwenye daladala, si kwenye simu, si kanisani. Nami nimejizuia barua nzima nisiseme Rosa aliishia wapi, basi na yeye anaweza kujizuia wiki tatu. Akikiuka, vitafunwa vya mwezi unaofuata ni vyake, tena vya watu tisa.

Nakala zenu chache nazo zinawaponza. Anayekipata kitabu Jumatatu kwa kikao cha Jumamosi hasomi, anapekua, na mtu aliyepekua ndiye wa kwanza kujificha nyuma ya "kina mafunzo". Vitabu vinene vipeni miezi miwili, au ulizeni maktaba ya mkoa kama wana nakala kabla ya kuchagua.

Halafu kitu kimoja hukunieleza. Hicho cha rafiki yako umekinunua, au nacho umekiazima? Kama umekiazima, toa hiyo elfu kumi kabla hujaenda kumwona, na umwombe akuandikie jina lako ndani.

Shangazi